Shajara ya mradi: jua, betri na gari chini ya nahodha mmoja

Siku ya 1

Nyumba ni ya kaka yangu mkubwa. Juu ya paa kuna paneli 12 za wati 550 kila moja, yaani kilowati 6.6 kwa hesabu ya kiwandani, ingawa kwa joto la paa sijawahi kuziona zikipita 5.4. Chini kuna inveta ya kilowati 6 ya fezi moja (ndiyo inayogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa nyumbani), betri ya LFP (aina ya lithiamu) yenye seli 16 (volti 51.2, ampea-saa 200, kama uniti 10 hivi), na chaja ya gari ya ampea 32 ukutani. Gari lenyewe lina betri ya uniti 40. Kila kifaa kilinunuliwa kwa wakati wake, kikafungwa na fundi wake, na kila kimoja peke yake kinafanya kazi vizuri.

Shida iko pale vinapokutana. Juzi kaka alichomeka gari saa tano asubuhi, akaiweka chaja kwenye hali ya "jua tu", akaenda zake. Jioni gari limejaa, betri ya nyumba imebaki asilimia 11, na usiku mzima nyumba ikala umeme wa gridi. Akanipigia simu: "Mdogo wangu, jua langu linakwenda wapi?"

Nimekaa na kumbukumbu za siku ile mpaka nimeelewa. Chaja ina klampu yake ya mkondo, kipimo kinachobana waya, kwenye waya mkuu wa gridi. Inatazama jambo moja tu: umeme unatoka au unaingia? Ukitoka, inaongeza, ukiingia, inapunguza. Inveta nayo ina klampu yake palepale, na kazi yake ni kuhakikisha hakuna kinachoingia wala kutoka: pakiwa na upungufu inautoa betrini, pakiwa na ziada inaiweka betrini. Sasa wingu likipita, paneli zikashuka kutoka kilowati 5 hadi 1, inveta inaziba pengo lote kwa betri mara moja. Chaja ikitazama klampu yake inaona sifuri. Kwa macho yake hakuna kilichobadilika, basi inaendelea kuvuta vilevile. Betri imelificha wingu.

Na asubuhi ni kinyume chake. Betri inameza kila wati ya ziada, chaja haioni kitu kinachotoka, gari linasubiri hadi betri ijae. Ni kosa lilelile moja, limegeuzwa tu. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hapa manahodha ni wawili, kila mmoja ameshika usukani wake bila kujua mwenzake yupo.

Lengo la mradi, basi: kuwe na mita moja inayoaminika, na kompyuta moja inayoamua. Chaja itii. Betri iendelee kufanya kazi yake ya haraka, lakini ndani ya mipaka itakayopewa.

Siku ya 2

Nimepitia programu huria zilizopo. evcc imeandikwa kwa lugha ya Go na inalenga hasa kuchaji magari kwa ziada ya jua. OpenEMS imeandikwa kwa Java na imejengwa kwa mifumo mipana zaidi, hata ya viwanda. Home Assistant inaunganisha karibu kila kitu cha nyumbani. Zote ni kazi ya heshima, na mtu asiye na muda achukue mojawapo aanze nayo kesho. Mimi nimeamua kuandika kitanzi changu kidogo (programu inayosoma, kuamua na kuamuru, kisha kurudia) kwa Python kwa sababu nataka kukielewa kila kiungo kwa mikono yangu. Nitaazima mawazo yao bila kuona haya.

Siku ya 4

Mita mpya imefungwa baada ya swichi kuu. Inazungumza Modbus, lugha ya vifaa kusomana namba, kupitia RS485, waya mbili tu, A na B. Nimepoteza asubuhi nzima bila kupata jibu hata moja. Kumbe watengenezaji hawakubaliani ipi iitwe A na ipi B. Nikazigeuza, majibu yakaanza kuja. Nikaweka na kipingamizi cha omu 120 kwenye kila ncha ya waya, makosa ya mara kwa mara yakakoma.

Halafu namba zikawa za ajabu. Mkondo niliupata mahali palipoandikwa volti, nguvu mahali pa mkondo. Kitabu cha maelekezo kinahesabu rejista (vyumba vya namba ndani ya kifaa) kuanzia 1, waya unahesabu kuanzia 0. Nikatoa moja, kila kitu kikakaa mahali pake.

Siku ya 5

Saa sita mchana programu ikaniambia nyumba inavuta wati 65,036 kutoka gridi. Kwa swichi kuu ya ampea 40! Nimeiandika namba hii hapa kwa makusudi, kwa sababu anayejenga mfumo wa namna hii ataiona siku moja au ataona ndugu yake. Rejista ya Modbus ina biti 16, kwa hiyo inahesabu kutoka 0 hadi 65,535. Mita inapotaka kusema "kutoa 500" (−500), maana yake wati 500 zinatoka kwenda gridini, inaandika 65,536 kutoa 500. Nilikuwa naisoma kama namba isiyo na alama. Mstari mmoja wa programu umerekebisha.

Kilichonitisha ni kwamba kama chaja ingekuwa tayari chini ya amri yangu, ningelizima gari saa ileile jua lilipokuwa likimwagika bure. Sitaunganisha amri yoyote kabla namba zote hazijakaguliwa.

Siku ya 6

Ukaguzi. Hesabu ni rahisi: kinachotoka kwenye jua, jumlisha kinachoingia kutoka gridi, jumlisha kinachotoka betrini, lazima kilingane na kinacholiwa na nyumba pamoja na gari. Nyumba haina mita yake, kwa hiyo ninaipata kwa kutoa. Nyumba ikionekana inakula chini ya sifuri, kuna mita inayosema uongo.

Usiku nilizima betri, nikawasha birika la umeme la kilowati 2. Gridi ikapanda kwa kilowati 2 kamili. Vizuri. Nikairudisha betri, nikawasha birika tena: betri ikaonyesha inajaa. Betri inajaa usiku, kwa birika! Sikuwa nimesoma vizuri. Kwenye inveta hii alama ya kutoa ina maana betri inatoa, na mimi nilidhani kinyume. Nimeandika kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa sanduku la swichi: KUINGIA NYUMBANI KUTOKA GRIDI NI JUMLISHA. KUINGIA BETRINI NI JUMLISHA. Kuanzia leo programu yote inafuata karatasi hiyo, na tafsiri ya kila kifaa inafanyika mlangoni tu, kinapoingia.

Mchana bado nyumba inaonyesha kutoa 300 au kutoa 400 kwa sekunde chache wingu likipita. Hiyo siyo mita mbovu. Mita ya gridi naisoma kila sekunde 2, inveta inanijibu kila sekunde 10, kwa hiyo ninajumlisha namba za nyakati mbili tofauti. Nimeweka wastani wa sekunde 20 na nikaacha kuhangaika.

Siku ya 9

Leo nimeona mazungumzo ya chaja na gari kwa macho yangu. Rafiki ameniazima osiloskopu, chombo kinachochora volti zinavyopanda na kushuka, nikaishika kwenye waya wa ishara wa plagi ya Aina ya 2, kwenye kisanduku cha majaribio.

Bila gari, mstari umenyooka: volti 12. Ukichomeka gari, unashuka hadi 9, na wimbi la mraba linaanza, mara 1,000 kwa sekunde, likishuka mpaka kutoa 12 na kurudi. Gari likiwa tayari kupokea, kilele kinashuka hadi volti 6, na sekunde ileile unasikia kontakta (swichi ya sumaku inayofungulia gari umeme) ndani ya chaja: tak. Hakuna data wala neno la siri. Upana wa wimbi ndio ujumbe wenyewe: likikaa juu kwa asilimia 10 ya muda, gari linaruhusiwa ampea 6, asilimia 26.7 ni ampea 16, asilimia 53.3 ni ampea 32. Zidisha asilimia kwa 0.6, umepata ampea. Hiyo ni IEC 61851, kiwango cha kimataifa cha kuchaji magari, na uzuri wake ni kwamba mkongwe na mgeni wote wanaielewa.

Mambo mawili yanatokana na wimbi hilo, na mradi mzima umesimama juu yake. La kwanza, hakuna kitu chini ya ampea 6. Kwa volti 230 hiyo ni wati 1,380: ziada ikiwa 1,300, gari halichaji kabisa. Kwa wenye fezi tatu sakafu hiyo ni wati 4,140, ndiyo maana chaja nyingi nzuri zinaweza kuhama kati ya fezi moja na tatu. La pili, gari halisemi lina chaji kiasi gani. Chaja haijui kama betri ya gari iko asilimia 20 au 90. Atakayejua ni mtu.

Siku ya 11

Amri ya kwanza imefika. Chaja inatumia OCPP 1.6, lugha ya chaja na kompyuta inayozisimamia: yenyewe ndiyo inayopiga simu kwenye kompyuta yangu, inajitambulisha, halafu inatuma vipimo kila sekunde 10. Mimi ninairudishia ruhusa ya ampea.

Kanuni ya ziada, iliyonichukua siku kumi na moja kufika, ni mstari mmoja: ziada ni nguvu inayoingia garini, jumlisha inayoingia betrini, toa inayoingia kutoka gridi. Mfano wa saa nne leo: gari linavuta wati 1,800, betri inatoa 1,500, gridi sifuri. Chaja ya zamani ingesema "sifuri, tuko sawa". Kanuni inasema ziada halisi ni 300 tu, shusha. Wingu halina tena pa kujificha.

Siku ya 13

Mawingu ya vipande siku nzima. Kontakta imewaka na kuzima mara 38. Nilikuwa nimekaa karibu na ukuta na kila "tak" iliniingia mwilini, maana najua kontakta ni kifaa chenye umri wa kuhesabika na kila kuwaka kunaula.

Dawa: ziada ikae juu ya wati 1,500 kwa dakika moja kamili kabla ya kuwasha, na ikae chini ya 1,380 kwa dakika tatu kamili kabla ya kuzima. Ndani ya dakika hizo tatu gari linabaki kwenye ampea 6 na betri ya nyumba inajazia. Kaka aliuliza kama huo si ule mchezo wa zamani wa kunyonya betri. Nikamfanyia hesabu mbele yake: wati 1,380 kwa dakika tatu ni uniti 0.069, hata kama jua limezimika kabisa. Akaridhika.

Siku ya 14

Mawingu kama ya jana. Kontakta imewaka mara 5.

Siku ya 16

Ugomvi mpya. Mkondo wa gari unapanda na kushuka kama pembea: 6, 10, 14, 9, 6, 11. Anga ni safi, jua halitikisiki. Ni mimi.

Naona ziada ya wati 900, naongeza ampea 4. Gari lina haki ya kuchukua hadi sekunde 5 kuitikia, na vipimo vya chaja vinanifikia kila sekunde 10. Kitanzi changu kinazunguka kila sekunde 3. Kwa hiyo ninaisoma ziada ileile mara mbili au tatu na kuigawa upya kila mara, kama mtu anayelipa deni moja mara tatu. Halafu naona nimezidisha, naanza kushusha kwa pupa ileile.

Wakati wote huo inveta inarekebisha betri haraka sana, inazunguka kunifuata. Haina kosa. Katika mfumo wa namna hii aliye wa haraka huachiwa kazi ya haraka, na aliye wa polepole aenda polepole kwa makusudi. Nimeamua: baada ya kila amri ninakaa sekunde 20 bila kugusa kitu, kupanda ni ampea 2 kwa hatua, kushuka ni kwa kiasi chochote, na ninabakiza wati 100 za ziada ambazo sizigawi. Pembea imetulia jioni hiyohiyo. Mstari wa leo kwenye grafu ni ngazi, na ngazi ndizo ninazotaka.

Siku ya 19

Nani ale kwanza? Tumekaa mezani, mimi, kaka na shemeji, kwa sababu hili si swali la kompyuta. Shemeji ndiye aliyesema jambo la maana: umeme ukikatika usiku, gari halitawasha friji. Basi betri ya nyumba kwanza, mpaka asilimia 50. Kisha gari. Kuanzia saa tisa alasiri betri inarudi mbele ili ifike jioni imeshiba. Na usiku betri ya nyumba isiingie garini hata kidogo, kwa sababu kutoa umeme betri moja kuutia nyingine ni kupoteza njiani mara mbili.

Ili kuizuia betri usiku ninaandika kikomo cha kutoa kwenye rejista ya inveta. Nimekiweka kwenye kitanzi, kikiandikwa kila sekunde 10 kwa usalama.

Siku ya 20

Nimeamka usiku nikakumbuka aya moja ya kitabu cha inveta. Mipangilio inahifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kudumu, na kumbukumbu ya aina hiyo kwa kawaida huhesabiwa kuvumilia kuandikwa kama mara 100,000. Kila sekunde 10 ni mara 8,640 kwa siku. Ndani ya siku 12 ningeweza kuua ubongo wa inveta nzima kwa amri ambayo thamani yake haikubadilika hata mara moja.

Nimesimamisha programu saa tisa usiku, nikiwa nimesimama pale pale na tochi. Sasa inaandika tu pale thamani inapobadilika, yaani mara nne au tano kwa siku, na ina kaunta: ikipita maandiko 20 kwa siku inakataa na kunitumia ujumbe. Kati ya yote yaliyomo katika shajara hii, hili ndilo ningependa msomaji aondoke nalo. Kabla hujaandika chochote kwenye rejista, tafuta kwenye kitabu kama inakwenda kwenye kumbukumbu ya muda au ya kudumu. Kitabu kikinyamaza, chukulia ni ya kudumu.

Siku ya 23

Fundi wa umeme amekuja kukagua. Ni mtu mzima, mikono yake inajua kazi. Akaniuliza: "Gari likivuta 32 na hita ya maji ikawaka, swichi kuu inabeba?" Nikamjibu hapana, 32 na 13 ni 45, swichi ni ya 40, lakini programu inashusha gari kabla ya kufika hapo. Akatikisa kichwa taratibu. "Na programu ikilala?"

Tukajaribu palepale. Gari kwenye ampea 32, nikachomoa waya wa mtandao wa kompyuta. Dakika moja. Dakika tano. Chaja ikaendelea na 32 kama hakuna kilichotokea. Fundi hakusema neno, na hakukuwa na haja.

Nimetumia siku nzima kwenye hili na sijutii. OCPP inaruhusu ratiba kupangwa kwa ngazi. Ngazi ya chini nimeweka ampea 6 isiyo na mwisho. Ngazi ya juu naweka ninachotaka, lakini kwa sekunde 120 tu, na kompyuta inaifanya upya kila dakika. Kompyuta ikifa, ruhusa ya juu inakwisha yenyewe na chaja inaanguka hadi ampea 6. Tukachomoa waya tena, tukatazama saa. Sekunde ya 97 mlio wa transfoma ndani ya gari ukabadilika na mita ikashuka.

Fundi akakagua pia kinga ya mvujo wa umeme, akathibitisha kwamba chaja yenyewe inatambua mvujo wa mkondo mnyoofu (DC) wa miliampea 6, kwa sababu kinga ya kawaida ya nyumba inaweza kupofushwa na mkondo wa aina hiyo.

Siku ya 27

Gridi imekatika saa moja jioni. Nyumba ikabaki na taa kwa sekunde nne, kisha giza totoro.

Gari lilikuwa linavuta kilowati 7 kwa amri ya "sasa hivi". Chaja ilikuwa imefungwa upande wa inveta unaolindwa na betri, kwa hiyo gridi ilipoondoka, mzigo wote ukaiangukia inveta ya kilowati 6. Ikajizima kujiokoa.

Nilianza kuandika programu ya kutambua kukatika na kushusha gari haraka. Fundi, kwa simu, akanizuia: "Mwanangu, hamisha waya." Ana haki kabisa. Tumeihamishia chaja upande wa gridi, kabla ya inveta. Umeme ukikatika, chaja nayo inakatika, bila msimbo, bila sekunde nne. Jua la mchana bado linalifikia gari kwa njia ya ubao mkuu, na mita inaona kila kitu kama mwanzo.

Siku ya 33

Juzi usiku betri ya nyumba iliruka kutoka asilimia 34 hadi 12 ndani ya dakika mbili. Kaka akadhani imeharibika. Haijaharibika, mimi ndiye niliyeisababishia.

Seli ya LFP ina tabia moja: volti yake hubaki karibu palepale, kama 3.2 hadi 3.35, kwa sehemu kubwa ya safari kati ya tupu na kujaa. Kidhibiti cha betri hakiwezi kusoma kiwango kwa kutazama volti, kwa hiyo kinahesabu ampea zinazoingia na kutoka, na kosa dogo la kila siku linajikusanya. Linafutwa pale betri inapojaa kabisa na volti kupanda ghafla; hapo ndipo kidhibiti kinajua kwa hakika kwamba hii ni 100, na hapo ndipo kinapata nafasi ya kusawazisha seli. Kwa wiki mbili kipaumbele changu kipya kilikuwa kinalipa gari ziada yote ya mchana, na betri haikujaa hata siku moja.

Kuanzia sasa programu inahesabu siku tangu betri ijae mara ya mwisho. Zikifika 7, siku hiyo gari linasubiri mpaka betri ijae na kukaa hapo saa moja. Usiku ule seli ya chini kabisa na ya juu kabisa zilikuwa zimeachana kwa milivolti 61. Leo, baada ya mara mbili za kujaa, ni 14.

Siku ya 34

Nimehamisha kumbukumbu za vipimo kutoka kadi ndogo ya kompyuta kwenda diski ya kawaida. Kadi hizo hufa zikiandikwa kila sekunde. Kazi ya nusu saa.

Siku ya 37

Kaka: "Mdogo wangu, kesho natoka saa kumi na moja alfajiri, nataka gari liwe na 80." Lilikuwa na 45. Uniti 14 zinahitajika ndani ya betri, tuseme 15.6 ukutani kwa sababu ya kinachopotea njiani, na kwa kilowati 7.36 ni saa mbili na dakika chache. Nimeongeza sehemu ya "safari": anaandika asilimia aliyonayo, anayoitaka na saa ya kutoka. Programu ikaanza saa nane usiku, ikamaliza saa kumi na dakika kumi.

Vitufe ni vitatu sasa: Jua tu, Safari, Sasa hivi. Nilikuwa na sita. Shemeji aliniambia ukweli kwamba hakumbuki tofauti yake, na mfumo ambao mwenye nyumba hauelewi ataukwepa siku ya kwanza yenye haraka.

Siku ya 40

Jambo ambalo sikulitegemea. Nimelinganisha uniti zilizopita kwenye chaja na asilimia zilizopanda kwenye gari. Kwa ampea 6, kinachopotea ni kikubwa waziwazi kuliko kwa ampea 16. Sababu inaeleweka: gari linapochaji, kompyuta zake, pampu na vifaa vyake vingine viko macho na vinakula kiasi kilekile, liwe linapokea wati 1,380 au 3,700. Kuchaji polepole toka asubuhi ni kulipa mlinzi kwa zamu ndefu.

Kwa hiyo sakafu ya kuwasha nimeipandisha hadi wati 2,300, yaani ampea 10, siku ambazo gari halina safari. Linaanza baadaye, karibu saa nne na nusu, na linakunywa kwa nguvu mchana. Ampea 6 zinabaki kwa kuvuka mawingu tu.

Siku ya 45

Hesabu ya wiki mbili zilizopita. Gari limepokea uniti 96: 73 moja kwa moja kutoka jua, 7 kutoka betri ya nyumba (zile dakika za kusubiri wingu), 16 kutoka gridi, karibu zote usiku ule wa safari. Siwezi kulinganisha na wiki za mwanzo kwa haki, kwa sababu anga halikuwa lilelile. Ninachoweza kusema ni kwamba, tangu nianze kuijaza kila wiki, betri ya nyumba haijafika chini ya asilimia 30 alfajiri hata siku moja.

Yaliyobaki: utabiri wa jua ili siku ya kujaza betri isiangukie siku ya mvua, kubadilisha klampu ya zamani ya chaja, ambayo haina kazi tena ila bado imefungwa, na kuandika ukurasa mmoja wa kubandika mlangoni, unaoeleza jinsi ya kuzima kompyuta yangu na kuirudisha chaja katika hali yake ya kiwandani, kwa fundi mwingine atakayekuja nikiwa sipo.

Saa kumi alasiri. Wingu limepita sasa hivi juu ya paa. Paneli zimeshuka kutoka 3,900 hadi 1,100, gari limeshuka ngazi hadi 6, betri imeingia kwa wati mia tatu hivi kuziba pengo. Dakika mbili na sekunde kumi. Jua limerudi. Kontakta haijalia.